Wenye Maradhi ya Kifua Nao ni Wanachama

Ndugu zangu wanachama,

Msimu ukikaribia, mazungumzo yetu huwa ni bei, magunia, majamvi na wachumaji. Leo naomba ruhusa niseme juu ya pumzi.

Mwenzenu nalikuwa mpandaji wa kutegemewa. Sasa huu ni mwaka wa sita, nikitoka nyumbani kwenda kwenye uwanja wa kuanikia, hatua 80 tu, nasimama mara mbili nipate kuhema. Wako waliosema ni uzee, na wako waliosema ni uvivu. Wengine walinitengea kikombe, wakidhani nina kifua kikuu. Nimepimwa makohozi mara tatu, na mara tatu nimeambiwa sina. Kipimo hicho hakilipiwi, nashukuru. Lakini ukishaambiwa huna kifua kikuu, wapewa dawa ya kikohozi ya chupa na warudishwa nyumbani, kana kwamba umekwisha kuwa mzima. Miaka miwili ilipita hivyo, hata nikavuka bahari kwenda Unguja, na huko daktari akanipulizisha katika mashine ya kupimia pumzi. Akanambia njia za hewa mapafuni mwangu zimebana na hazitafunguka tena kama zamani. Maradhi haya hayaponi, ila hutunzika.

Tumbaku nalivuta, sikatai. Lakini moshi wa kuni huleta maradhi haya haya. Mwanamke aliyepika miaka 30 katika jiko lisilo dirisha huweza kuyapata hali hajagusa sigara maisha yake. Wala si maradhi ya watu wachache: Shirika la Afya Duniani lasema mwaka 2021 yaliua watu milioni 3.5.

Na vumbi je? Nani katika sisi asiyelijua vumbi la karafuu kavu linapotimka wakati wa kupepeta na kutia magunia? Sisemi karafuu ndiyo iliyoniuguza. Nasema mwenye kifua kibovu haliwezi vumbi lile, nasi ndiye tunayempa kazi ya kushindilia magunia, ati kwa kuwa hawezi tena kupanda! Mimi mwenyewe niliifanya misimu miwili, kwa kuona haya kukaa bure.

Dawa ninayohitaji khasa ni ile pampu ya kuvuta ya rangi ya samawati, yenye mipulizo 200. Kituoni kwetu aghalabu haipo. Mjini madukani ipo, lakini bei yake ina nauli juu yake, kwenda na kurudi. Pesa ya karafuu huja kwa msimu. Pumzi yatakiwa kila siku. Miezi ya kati nahesabu mipulizo kama mtu anayehesabu vibiriti wakati wa mvua. Tena wengi wetu hatujui kuitumia, twaipuliza ikaishia ulimini. Tabibu aweza kukuonyesha namna ya kuivutia kwa chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa tako, dawa ikafika mapafuni. Chupa hizo zimejaa njiani, wala hazina bei.

Akianguka mtu mkarafuuni, hatungoji kuulizana. Twambeba, twamchangia, mashamba yake twamchumia. Anayekosa pumzi kitandani usiku hana kishindo, basi hakuna anayetoka nje kumtazama.

Natoa shauri kwamba chama kitenge shilingi chache katika kila kilo ya mwanachama, ziwe za kununulia pampu kwa cheti cha daktari. Pili, kiandike barua kuomba mashine ya kupimia pumzi iwepo hapa kisiwani karibu nasi. Tatu, kiuulize Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioundwa mwaka 2023, mkulima anayepata pesa kwa msimu atachangia vipi naye aingie. Na mwenye kifua apewe kazi ya kuandika mizani, si ya magunia.

Najua yuko atakayesema chama ni cha karafuu, si cha spitali. Huyo namwomba aje mkutanoni aseme mbele yangu, nami nitamjibu. Ila mkutano usianze kwa saa ile iliyoandikwa: kilima cha skuli nakipanda kwa vituo vitatu.

Mwanachama mwenzenu