Jino limezibwa, mbona linauma tena?

Juma lililopita mama mmoja aliuliza: jino la mtoto wake lilizibwa, sasa linauma tena. Sababu moja ni hii: dawa ya kuzibia haikushikamana na jino. Pembeni kunabaki ufa usioonekana kwa macho. Mate na vijidudu vinapita humo, na jino linaoza chini kwa chini.

Kila dawa ina tabia yake. Kompoziti, ile ya rangi ya jino, hujikunja kidogo inapokauka; na jino likiwa na mate wakati wa kuiweka, itavuja. Amalgama, ile ya rangi ya feza, kutu yake huziba ufa polepole, lakini ina zebaki: haishauriwi kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Glasi-ionoma hushika jino yenyewe na kukauka bila taa ya umeme, ila huchakaa upesi.

Basi mama, muulize munganga: "Unaweka dawa gani?" Mwambie mtoto asifunge kinywa kabla ya kuruhusiwa. Maji baridi yakimchoma siku nyingi, au chakula kikinasa pale, mrudishe mapema. Kuziba upya ni afadhali kuliko kung'oa.