Wazee hawaishi kwa posho pekee

Kianjokoma, kaunti ya Embu, wazee wengi huzeekea nyumbani, kati ya majani chai na kahawa, wala si katika makao ya wazee. Hilo ni jema. Lakini watoto wakishahamia mjini, boma hubaki kimya, na upweke nao ni ugonjwa.

Kupitia mpango wa Inua Jamii, serikali huwapa waliotimiza miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo husaidia, ingawa mara nyingi huchelewa. Hata hivyo, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinadai zaidi: wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima.

Kaunti itenge siku moja kila mwezi ya kuwapima wazee shinikizo la damu, sukari na macho karibu na kwao. Makanisa na vyama vya ushirika vifungue kumbi zao kwa mazoezi mepesi na mazungumzo. Shule ziwaalike wawafundishe watoto Kiembu na historia ya kijiji. Nao walio mjini wasitume pesa tu, waje. Mzee anayeshirikishwa hubaki nguzo, asiyeulizwa neno hujiona mzigo.