Mkwara haujengi, kauli ndio mtaji

Wiki hii naomba tuwaongelee hawa wenzetu wanaoamini kwamba bila kupiga mkwara mtu huheshimiwi. Unawajua. Konda anamwambia mama mtu mzima, "Sogea huko nyuma, kama hutaki panda teksi." Muuza duka ukimuuliza bei anakubetulia mdomo. Kijana anamfokea demu wake mbele za watu, eti washkaji waone kwamba yeye ndiye kidume.

Tusidanganyane, mkwara unafanya kazi pale pale. Mama atasogea, mteja atanyamaza, binti atainamisha kichwa. Lakini hapo mtu hujampata, umepata woga wake tu. Na woga una tabia moja: ukigeuka, nao unaondoka. Kesho mama atasubiri basi jingine, mteja atavuka barabara aende duka la pili, na yule binti, ndugu yangu, siku akimpata wa kumsikiliza usije ukalia.

Najua wapo watakaosema, "Wewe unaongea tu kwa sababu hujatendwa." Haya, tumtazame aliyetendwa kweli kweli. Mzee Nelson Mandela alikaa jela miaka 27. Humo ndani akajifunza Kiafrikaans, lugha ya Makaburu wale wale waliomfunga, akawa anaongea na askari jela kwa lugha yao. Alitoka mwaka 1990, na mwaka 1994 akawa Rais. Hapo angelipiza kisasi, wengi wangemwelewa.

Yeye akafanya nini? Tarehe 24 Juni 1995 aliingia uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la ragbi, amevaa jezi ya Springboks yenye namba 6 ya kapteni Francois Pienaar. Timu hiyo watu weusi wengi walikuwa hawataki hata kuisikia, walishangilia yeyote aliyecheza dhidi yake. Uwanja uliojaa Wazungu ukalipuka: "Nelson! Nelson!" Siku hiyo Afrika Kusini iliifunga New Zealand 15-12.

Agosti ya mwaka ule ule akafunga safari hadi Orania, kijiji cha Makaburu watupu, akanywa chai na bibi kizee Betsie Verwoerd. Huyo ni mjane wa Hendrik Verwoerd, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1964 Mandela alipohukumiwa kifungo cha maisha. Wewe ungeweza?

Na asije mtu akadhani mzee alikuwa bwege. Kwenye suala la kila raia kupiga kura hakurudi nyuma hata hatua moja. Upole sio kukubali kuonewa. Ni kudai chako bila kumvua mwenzio nguo.

Kwa hiyo wiki hii jaribu. "Samahani mama, naomba usogee kidogo" haigharimu hata senti, na pumzi yake ni ile ile ya kufokea. Mwambie mpenzi wako kosa lake mkiwa wawili, taratibu. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kama nyoka anatoka, sembuse binadamu?

Tukutane wiki ijayo. Kaeni poa!