Yule anayelia si yeye, jamani

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo tuzungumze filamu.

Kuna filamu ya mwaka 2014 inaitwa Clouds of Sils Maria, ya Mfaransa Olivier Assayas. Juliette Binoche anacheza mwigizaji maarufu, Maria Enders, ambaye miaka ishirini nyuma alipata jina kwa kuigiza binti anayemhadaa bosi wake mwanamke mpaka bosi anajiua. Sasa anatakiwa arudi jukwaani katika mchezo uleule, ila safari hii yeye ndiye awe bosi. Moyo hautaki, lakini kazi kaikubali. Basi anajifungia milimani Uswisi na msaidizi wake, Valentine, wanafanya mazoezi. Sehemu kubwa ya filamu ni hiyo tu: wanawake wawili, karatasi mkononi, maneno.

Utamu uko hapohapo. Wanaposoma mistari hujui kama wanaogombana ni wahusika au ni wao wenyewe. Halafu Valentine anatoweka mlimani na filamu haisemi kaenda wapi. Wapenzi wa filamu wamebishana sana juu ya hilo. Wapo wanaosema kachoka kudharauliwa akaacha kazi, wapo wanaosema hakuwapo tangu mwanzo, na wapo waliokasirika wakaona wamepotezewa muda. Kristen Stewart, aliyemcheza huyo Valentine, alipewa tuzo ya César ya Ufaransa mwaka 2015, mwigizaji wa kike wa kwanza kutoka Marekani kuipata.

Mie niliitazama na jamaa zangu Kikwajuni, wote wasomi, wote wana kazi zao mjini. Ubishi wetu haukufika hata kwa Valentine. Ulikwama kwa Binoche. "Mwanamke mzima yule, haoni haya?" "Mumewe anamruhusu vipi?" Saa moja haijapita, tunamjadili mwana wa watu kama mke wa jirani.

Nilicheka. Lakini nikikaa nafikiri, naona kuna jambo zito pale. Tatizo letu halitokani na kutojua tofauti ya mwigizaji na mhusika. Tunaijua khasa, ila tunaitumia kwa wanaume tu.

Chukueni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ya David 'Tosh' Gitonga. Joseph Wairimu anamcheza Mwas, kijana wa kijijini anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Mchana yuko kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku yuko na genge la wezi. Wairimu akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la Durban mwaka huohuo. Jamaa zangu walewale waliipenda filamu hii mpaka kesho. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama Wairimu ni mwizi, wala kama mama yake anamruhusu.

Mtaniambia ndio utamaduni wetu. Utamaduni upi? Bibi zetu walikuwa wakijaza Majestic pale Vuga kutazama filamu za Kihindi. Walilia na Nargis katika Mother India ya mwaka 1957, wakarudi nyumbani wakapika. Walijua anayelia ni mama wa kwenye hadithi. Na Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alisimangwa vya kutosha na mji huuhuu kabla hatujaanza kujivunia jina lake.

Tena kuna hili la Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi wengi wetu tumeisoma skuli. Tuliandika kwenye mtihani kwamba Yasmin ni shujaa, msichana aliyemkimbia mume mwenye umri wa kumzaa, akajichagulia maisha yake. Tukapewa maksi. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa filamu yake, ikaonyeshwa Toronto, na Unguja yetu ikaonekana duniani. Sasa jiulize, ndugu msomaji: dada yako angekuja nyumbani akasema kachaguliwa kumcheza Yasmin, ungempa zile maksi?

Namjua binti mmoja wa hapa mjini, jina nalihifadhi. Alikuwa kwenye mazoezi ya mchezo na kikundi chake, anacheza mke aliyetelekezwa. Mistari yote kaikariri, mpaka anaisema akikuna nazi. Wiki mbili kabla ya onyesho, habari zikafika upande wa posa kwamba bibi harusi "anacheza maigizo", nao wakataka kufikiri upya. Wazee wakamtoa. Nafasi yake akapewa kijana wa kiume, akafungwa kanga. Watazamaji wakacheka mwanzo mpaka mwisho. Mchezo ulioandikwa watu walie juu ya wanawake wanaoachwa na watoto ukageuka kichekesho. Binti kakosa, na sisi watazamaji tumekosa pia, ila sisi hatukujua.

Sisemi wasiwasi wa wazazi ni upuuzi. Wapo watayarishaji wanaotaka kwa mabinti mambo yasiyohusiana na sanaa, na kila aliyewahi kuandika habari za burudani amesikia kesi hizo. Lakini hapo dawa inajulikana: mkataba wa maandishi, malipo yanayoeleweka, mazoezi mchana mahali pa wazi, na anayevuka mpaka ashitakiwe. Sisi tunamwacha mtayarishaji aendelee na kazi, tunamrudisha binti jikoni.

Na mwigizaji ana haki ya kukataa uhusika usioendana na imani yake. Huo ni uamuzi wake. Kumkataa yeye kwa sababu ya uhusika alioukubali ni jambo jingine kabisa.

Pendekezo langu ni dogo. Ngome Kongwe imekuwa ikionyesha filamu za ZIFF tangu mwaka 1998, na kila mwaka tunakwenda kupiga makofi kazi ikiwa tayari imekamilika. Vikundi vyetu vifungue milango mapema zaidi. Wazazi na hao wakwe watarajiwa waitwe kwenye mazoezi, wakae kwenye mkeka watazame. Mtu akimwona binti anarudia sentensi moja mara ishirini, anakosolewa, anakunywa maji, anaanza tena, halafu anafunga mtandio wake anapanda daladala kurudi nyumbani, sidhani kama atahitaji hotuba yangu. Ataona kazi.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Anayebisha aje tubishane, ila aanze na Wairimu: mbona yeye hamkumuuliza kitu?