Risala ya mafundi ujenzi wa kata kwa mgeni rasmi, siku ya kukabidhi darasa



Desturi ya risala ni kuanza na mafanikio. Mafanikio yetu umeyapita mlangoni: darasa moja, limepauliwa na kupakwa rangi. Kwa ruhusa yako twende kwenye yaliyotukaa moyoni.

Mkataba wetu wa ufundi ulikuwa wa shilingi 2,400,000 kwa awamu tatu: asilimia 30 msingi ukikamilika, asilimia 30 kuta zikifika kwenye lenta, asilimia 40 kazi ikiisha. Awamu ya kwanza tulipata 720,000. Ya pili zikaja 504,000. Tukadhani wamekata kodi, tukanyamaza. Ya tatu zikaja 470,400. Tulipokwenda kuuliza tukaonyeshwa karatasi: 30 na 30 na 40 ni 100, mmelipwa mia kwa mia, na sahihi zenu hizi hapa. Mheshimiwa, tulisimama mafundi tisa mbele ya meza ile na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kosa liko wapi. Tulichojua ni kwamba mfuko ni mwepesi.

Aliyelikamata kosa ni mama lishe anayetupikia hapa saiti, ambaye pia ni mtunza daftari wa kikoba chao. Alikuwa anatudai ugali wa wiki tatu, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuwa makini. Aliokota kipande cha mkaa, akageuza ubao mmoja wa kumwagia zege, akaandika. Kumbe kila awamu aliyekokotoa malipo alichukua asilimia ya kilichobaki badala ya asilimia ya mkataba wote: asilimia 30 ya 1,680,000, kisha asilimia 40 ya 1,176,000. Jumla tumelipwa 1,694,400. Bado tunadai 705,600.

Hatusemi kuna aliyeiba. Fedha ipo, na aliyekokotoa ni kijana msomi na muungwana. Kompyuta yake ilizidisha bila kukosea. Yeye ndiye aliyeiuliza swali lisilo lenyewe, na jibu lilipotoka halikumshtua. Wahenga walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu imepotea ndani ya daftari, mchana kweupe, ikiwa na muhuri.

Hilo la kutoshtuka ndilo linalotuumiza zaidi. Makadirio ya sakafu ya darasa hili, mita 9 kwa 7, zege la sentimita 10, uwiano wa 1:2:4, yalikuja yameandikwa mifuko 400 ya saruji. Fundi yeyote wa zamani angecheka, maana hiyo ni kazi ya mifuko kama 40. Lakini karatasi ilipita meza tatu ikapata sahihi tatu, na aliyeizuia ni dereva wa Fuso, aliyeuliza tani 20 za saruji atazibeba kwa safari ngapi. Tulipomrudia aliyeandika akasema simu ndiyo iliyotoa hivyo.

Na sisi hatutajificha nyuma ya kidole. Tuna vijana wa kidato cha nne ambao ukiwaambia wakate ubao wa futi 5 na inchi 4 vipande viwili sawa, wanabonyeza 5.4 gawanya kwa 2, wanapata 2.7, wanakata futi 2 na inchi 7. Kimoja kinatoka inchi 31, kingine 33, na fremu ya dirisha inakaa upande kama kofia ya mlevi. Kijana huyohuyo anaweza kukutajia kanuni ya Pitagora bila kigugumizi. Mpe kamba apige 3, 4, 5 kwenye kona ya msingi, anabaki kuitazama. Hatushangai sana, kwa kuwa katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama mmoja kati ya watano. Wale wanne wengine hawakuhama nchi. Wako saiti, dukani, stoo na ofisini.

Sasa madai yetu. La kwanza ni zile 705,600, zilipwe kabla ya mwezi kuisha, maana mama lishe naye ana kikoba kinachomsubiri. Mikataba ya mafundi iandike kila awamu kwa shilingi kamili, asilimia zibaki kwenye mabano. Makadirio ya vifaa yaonyeshe njia, siyo jibu tupu, na yahakikiwe na mtu wa pili kwa kalamu na karatasi kabla ya muhuri. Fundi mkuu awe na haki ya kuiona njia hiyo. Shule za mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024, ziwapeleke wanafunzi wapime zege na mbao halisi. Na VETA wanapotupima ili kutambua ujuzi tuliojifunzia kazini, watupime na hesabu pia, simu zikiwa zimewekwa mezani. Tutakaofeli tufeli.

La mwisho ni dogo. Tumechanga na kumpata mwalimu mstaafu wa hapa kijijini aliyekubali kutufundisha Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Mama lishe atasaidia upande wa asilimia. Tunaomba ufunguo wa darasa hili kwa jioni hizo mbili, na chaki. Taa tutaleta wenyewe, kwa sababu umeme haukuwemo kwenye makadirio.