Kabla ya kuhama Birere

Wengi wetu tumechoka na Birere. Nyumba za mbao zimebanana. Moto ukishika moja, avenyu nzima haina usingizi. Juma hili tulisindikiza familia moja changa, yenye watoto wawili, kuangalia nyumba ya kupanga kule Mugunga. Kiwanja ni kipana, bei ni nafuu. Walikuwa karibu kutoa garanti.

Tuliuliza majirani mambo matatu: maji wanachota wapi? Shule iko mbali kiasi gani? Na mazuku, je?

Hili la tatu lilitushtua. Mazuku ni gazi ya kaboni inayotoka chini ya udongo. Ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni, zaidi asubuhi kabla ya upepo. Haionekani wala hainuki. Pale mtu mzima anapopita salama, mtoto mfupi anaweza kufa. Jirani alituonyesha bonde nyuma ya nyumba ile: mbuzi wake walifia humo.

Familia imebaki Birere kwanza, inatafuta nyumba mahali pa juu. Wamama, kabla ya kutoa garanti, tuulize wenyeji: hapa watoto wenu wanacheza wapi, na wapi mnawakataza?