Damu ilitoka Kikwit, majaribio yalifanyika Beni: kwa nini dawa ya Ebola ilale Marekani?

Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina, kila mara Ebola inapotangazwa tunaambiwa maneno yaleyale: tulieni, dawa iko njiani. Njiani kutoka wapi? Na kwa nini itoke mbali?

Tukumbushane dawa hiyo ilianzia wapi. Mwaka 1995 Ebola iliua watu wengi Kikwit. Mmoja wa waliopona alitoa damu yake miaka kadhaa baadaye, na humo Profesa Muyembe na watafiti wenzake wa ng'ambo wakapata kinga inayoitwa mAb114. Kuanzia Novemba 2018 ikajaribiwa hapa kwetu, pamoja na dawa nyingine tatu, kwa wagonjwa 681. Hao ni ndugu zetu, waliolala katika vituo vya Ebola huku risasi zikilia nje. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa mAb114, walikufa karibu 35. Waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, na remdesivir haikufanya vizuri zaidi. Ile nyingine iliyofaulu ni REGN-EB3. Desemba 2020 Marekani ikaidhinisha mAb114, ikapewa jina Ebanga, na sasa ni mali ya kampuni ya huko.

Sasa sikilizeni jambo la siku, maana ndilo linaloua. Kirusi cha Ebola hakiwezi kuzaana chenyewe. Kinajibandika kwenye seli ya mtu, kinaingia, kinaigeuza kuwa kiwanda cha kutoa nakala zake, kisha nakala hizo zinatoka kushambulia seli nyingine. Ebanga inakishika kirusi kabla hakijaingia. Seli ambazo zimekwisha kuharibika, ini na figo zilizokwisha kuchoka, dawa hiyo haizirudishi. Ndiyo maana wale waliopewa mAb114 wakiwa bado na virusi vichache katika damu, walikufa karibu 10 tu kwa 100. Majaribio yaleyale yalionyesha kwamba kila siku ya kuchelewa kufika kituoni iliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 11 hivi.

(Na wale wanaouza sindano za antibiotiki mitaani kwa kila homa, waache kudanganya watu. Antibiotiki inaua bakteria, kirusi haikigusi. Mgonjwa anamaliza makuta yake na siku zake.)

Kwa hiyo akiba ikikaa mbali, siku za safari zinahesabiwa katika mwili wa mgonjwa. Madaktari Wasio na Mipaka wamekwisha kupiga kelele kwamba sehemu kubwa ya akiba hiyo inawekwa Marekani, kwa ajili ya usalama wa Marekani. Ebola ya aina ya Zaire, ambayo dawa hii inaitibu, haijawahi kulipuka huko. Kwetu, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, iliua watu 2.287. Ikarudi upande wa Butembo mwaka 2021, ikarudi Beni mwaka huohuo, na mwaka 2022 tena. Nani anahitaji akiba?

Tutaambiwa hatuna umeme wala usalama. Hiyo si sababu. Chanjo ya Ebola inataka baridi ya chini ya digrii 60 chini ya sifuri, na bado ilibebwa mpaka vijijini. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Ebanga ni unga katika chupa, unaotunzwa kwenye digrii 2 mpaka 8, frigo ileile ya chanjo za watoto. Inatolewa mara moja tu, kwa serumu. Waliopita na mzigo mgumu wanawezaje kushindwa na ule mwepesi?

Wengine watasema dawa ni ghali na itapita tarehe kabla ugonjwa haujarudi. Inaweza kupita, ndiyo. Hata huko Marekani inapita tarehe, tena bila mgonjwa hata mmoja kuingojea.

Lawama si ya wageni peke yao. Kinshasa ilikubali wagonjwa wetu wajaribiwe. Ilipaswa kudai, kwa maandishi, sehemu ya akiba ibaki katika inchi hii. Wizara ya afya na wakubwa wa mkoa watuambie wazi: leo hii, kuna dozi ngapi Beni? Ngapi Butembo? Ngapi Goma? Kama jibu ni sifuri, waseme sifuri, na waseme ndege itachukua siku ngapi.